Tezi Zinapokakamaa

Kinga ya mwili inapodhoofika, tunakimbilia idadi: CD4, ambazo ni aina ya seli T, ziko ngapi, kingamwili zimepanda kiasi gani. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haigusi jambo moja zito. Seli T, mojawapo ya seli za kinga, haimtambui adui kwa kumgusa tu. Humvuta.

Kipokezi chake kikishika kipande cha kirusi kinachoonyeshwa na seli nyingine, hukivuta kwa nguvu ya takribani pikonyutoni 10. Uzito wa gramu 100 ni karibu nyutoni moja. Ukiigawanya mara trilioni, unapata pikonyutoni moja. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipande cha adui halisi, kikivutwa, mshiko wake hudumu zaidi, mpaka kiasi fulani cha nguvu. Kipande kisicho na hatari huachia upesi. Nguvu, basi, ni sehemu ya utambuzi wenyewe.

Ndiyo maana hali ya tezi za limfu, mahali seli hizi zinapokutana, inanihangaisha. Mwenye kidonda mguuni huota mtoki kwenye kinena, naye hudhani huo ni ugonjwa mwingine. Kumbe ni tezi ya limfu inatanuka ipate nafasi ya seli kuzaliana. Ndani yake zimo fibroblasti zilizoshikana kama wavu uliokazwa. Seli dendritiki zikifika na habari za maambukizi, wavu hulegea na tezi hukua. Tezi isiyoweza kulegea haiwezi kufanya kazi hiyo ipasavyo.

Kinachoikakamaza ni kovu. Uvimbe wa muda mrefu unaweza kuacha kolajeni, yaani nyuzi zinazounda kovu, na VVU ndiyo mfano uliochunguzwa zaidi. Seli T huishi kwa kemikali iitwayo IL-7, inayotolewa na fibroblasti hizo hizo. Kolajeni ikijaa katikati, seli T hazifikii chakula chao, zinakufa. Nazo fibroblasti, zikikosa seli T, hupungua. Hapo kila upande unauangusha mwingine. ARV huzuia kirusi, lakini kovu lililokwisha kujengeka haliondoki kwa urahisi, na hili husaidia kueleza kwa nini wapo wanaomeza dawa bila kukosa na bado CD4 zao hazipandi inavyotarajiwa.

Mwaka 2018 mtafiti Cissy Kityo na wenzake walichapisha matokeo yaliyopaswa kutushtua Afrika Mashariki nzima. Walichunguza tezi za watu wa Kampala kabla na baada ya chanjo ya homa ya manjano, wakakuta kovu linalofanana na la wenye VVU. Kadiri kovu lilivyozidi na seli T zilivyopungua, ndivyo kingamwili za chanjo zilivyokuwa hafifu. Ni kweli walipima kovu, si ugumu wa tezi wenyewe, na uhusiano pekee hauthibitishi chanzo. Hata hivyo, chanjo inayofanya kazi vizuri Ulaya ikilegalega kwetu, tumezoea kushuku jokofu, usafirishaji au lishe. Tezi hatuziulizi.

Tiba bado. Dawa iitwayo pirfenidoni ilipunguza kovu kwa nyani waliojaribiwa. Losatani, dawa ya shinikizo la damu, haikuleta nafuu iliyotarajiwa kwa wenye VVU. Na kovu hilo halionekani kwenye kipimo cha damu: lazima tezi ikatwe, iwekwe chini ya hadubini. Majaribio ya chanjo yanayofanyika katika ukanda huu yangepaswa kutenga bajeti ya kazi hiyo tangu mwanzo, angalau kwa washiriki wachache wanaoridhia.