Walioitwa John Smith

Mwalimu aitapo majina asubuhi, mara nyingi hutamka "Juma", na vijana watatu huitika kwa pamoja. Ndipo daftari lisemapo Juma bin Salim na Juma bin Athmani. Na yule wa tatu, ambaye baba yake naye ni Salim, huongezewa jina la babu yake, au la kijiji atokako. Sisi tulio pamoja nao hatuoni shida, kwa kuwa twawajua kwa sura na kwa sauti. Shida huanza watu wakiisha kufa, na kilichobaki ni jina katika kitabu.

Waingereza nao wana jina lililoenea hivyo, nalo ni John Smith. John ndilo Yohana, jina la Kiebrania ambalo maana yake ni kwamba Mungu ametenda kwa neema. Smith maana yake ni mhunzi. Hapo kale Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu, kama Yohana au Wiliamu. Baada ya mwaka 1066, na hasa katika miaka mia tatu iliyofuata, watu walizidi, na waandishi wa kodi na wa mashamba wakataka kujua ni Yohana yupi anayedaiwa. Basi wakamwandika kwa jina la baba yake, au la mahali akaapo, au la kazi aifanyayo. Mshona nguo akawa Taylor, msaga unga akawa Miller, mwoka mikate akawa Baker, na mhunzi akawa Smith. Majina hayo yakarithiwa na watoto, hata mwana wa mhunzi alipokuwa mchunga kondoo.

Kwa nini wahunzi wakawapita wengine wote kwa wingi? Kwa sababu kijiji kisicho na mhunzi hakikuweza kuishi. Plau, shoka, mundu, bawaba za milango na viatu vya farasi, vyote vilitoka katika karakana yake. Hata leo Smith ndilo jina la ukoo lililo na watu wengi kuliko yote katika Uingereza, na katika Marekani vilevile. Huko Marekani baadhi ya Wajerumani walioitwa Schmidt, maana yake mhunzi pia, waliligeuza jina lao kuwa Smith walipohamia.

Kwa hiyo watunzaji wa maktaba hawaandiki "John Smith" na kuishia hapo. Huongeza mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, ndipo msomaji ajue kitabu hiki ni cha nani. Nasi tutafanya vivyo hivyo.

Anayejulikana kuliko wote ni Kapteni John Smith (1580–1631). Baba yake alikuwa mkulima wa Lincolnshire, na twajua mwaka wake kwa kuwa daftari la kanisa laonyesha alibatizwa Januari 1580. Alipokuwa kijana alikwenda vitani, akapigana na Waturuki katika nchi za Hungaria, akatekwa, akauzwa utumwani, kisha akatoroka. Mwaka 1607 alikuwa miongoni mwa Waingereza waliojenga mji wa Jamestown katika Virginia. Wengi wao walikuwa waungwana wasiozoea jembe wala shoka, nao walikuja wakitumaini kuokota dhahabu. Smith alipokuwa mkuu wao mwaka 1608 aliwawekea sheria iliyotoka katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Mwaka 1609 baruti ilimlipukia, akajeruhiwa vibaya, akarudi Uingereza. Majira ya baridi yaliyofuata njaa iliingia Jamestown. Katika watu kama 500 walibaki kama 60 tu.

Wengi hukumbuka zaidi hadithi ya Pocahontas, binti wa mfalme Powhatan, kwamba alijitupa juu ya Smith asiuawe na watu wa baba yake. Hadithi hiyo Smith aliiandika kwa ukamilifu katika kitabu chake cha mwaka 1624. Katika habari alizoandika mwaka 1608, mambo yalipokuwa mapya, haimo. Kila msomaji na aamue mwenyewe; mimi nasita kidogo juu ya shujaa ambaye hadithi yake hunenepa kadiri miaka ipitavyo. Na yule binti hakuolewa naye, kama watu wasemavyo kwa kutojua. Aliolewa mwaka 1614 na Mwingereza mwingine, John Rolfe. Hapo ndipo jina moja lilipowapoteza watu njia.

Wengine tutawapita upesi. John Smith (1938–1994) alikuwa mwanasheria wa Skotilandi, na tangu mwaka 1992 kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza. Wengi walimtazamia kuwa Waziri Mkuu, lakini moyo ulimshinda ghafula tarehe 12 Mei 1994, akazikwa katika kisiwa kidogo cha Iona. Mwingine, Mmarekani, ni mpiga mieleka. Alipata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akaipata tena Barcelona mwaka 1992. Huyu hakufua chuma, alikunja watu.

Lakini yuko John Smith mmoja aliyelala katika nchi yetu ya Afrika ya Mashariki, na ni wachache wamjuao. Mwaka 1876 chama cha misioni cha CMS kilituma watu wanane kwenda Uganda, kwa Kabaka Mutesa. Aliyesifika baadaye kuliko wote ni Alexander Mackay, fundi wa chuma na mbao. Katika wanane hao walikuwamo kina Smith wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa safari, Shergold Smith, aliyekuwa afisa wa manowari. Wa pili alikuwa mganga, Dokta John Smith, rafiki wa Mackay tangu walipokuwa Edinburgh. Walitembea kutoka pwani hata ziwa la Nyanza, wakafika Kageye, karibu na Mwanza, mwanzo wa mwaka 1877. Hapo yule mganga akaugua, na mwezi wa Mei akafa, asipate kuiona Uganda. Shergold Smith alivuka ziwa mwezi uliofuata, akafika kwa Mutesa. Kisha mwezi wa Desemba mwaka uleule akauawa Ukerewe. Basi asomaye kwamba "Smith alikufa kwa ugonjwa Kageye", na mahali pengine kwamba "Smith aliuawa Ukerewe", asidhani waandishi wamekosana. Ni watu wawili, nao walikufa katika mwaka mmoja, kando ya maji yale yale.

Sasa nataka tukae kwa yule ambaye jina lake ni gumu kupatikana, kwa kuwa Kapteni amemfunika.

Katika pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini iko nchi iitwayo leo Guyana. Sehemu yake moja iliitwa Demerara, nayo ilikuwa chini ya Waingereza. Ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya miwa, na waliolima miwa hiyo walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Biashara ya kuwavusha watumwa baharini Waingereza walikuwa wameikataza mwaka 1807. Utumwa wenyewe ulikuwa bado.

Mwaka 1817 alifika huko misionari kijana, John Smith, pamoja na mkewe Jane. Alizaliwa mwaka 1790 huko Rothwell, akawa yatima, akajifunza kazi ya kuoka mikate. Elimu yake yote ya mwanzo aliipata katika shule ya Jumapili. Kanisa lake lilikuwa katika shamba liitwalo Le Resouvenir. Alipokwenda kuamkia serikalini, Gavana John Murray alimwonya kwamba, akithubutu kumfundisha mtumwa kusoma, atafukuzwa katika nchi. Wenye mashamba walijua vema wanaogopa nini: asomaye barua hafichwi habari.

Smith alifanya kazi miaka sita. Watumwa walimjia wengi, wakitembea kwa miguu kutoka mashamba ya mbali. Shemasi wake mkuu alikuwa seremala wa shamba la Success, mtu mzima mwenye heshima, jina lake Quamina. Angalieni jina hili. Kwa desturi ya Waakan, katika nchi iitwayo leo Ghana, mtoto mume azaliwaye Jumamosi huitwa Kwamina au Kwame, kama vile kwetu azaliwaye Ijumaa huitwa Juma. Lilikuwa jina la kila siku, kama John Smith lenyewe. Mwanawe Quamina aliitwa Jack Gladstone. Gladstone si jina la ukoo wake. Ni la mwenye shamba, John Gladstone, tajiri wa Liverpool. Na Jack ni namna ya nyumbani ya kutamka John. Hivyo bwana na mtumwa waliitwa jina lile lile, na mmoja alikuwa mali ya mwenzake.

Mwaka 1823 serikali ya London ilituma amri za kupunguza ukali wa utumwa, kama vile kukataza wanawake wasipigwe mijeledi. Gavana na wenye mashamba wakazikalia amri hizo kimya. Lakini wajakazi na watumishi wa nyumbani walisikia maneno mezani, na uvumi ukaenea kwamba mfalme ametoa uhuru nao wanafichwa. Tarehe 18 Agosti 1823 watumwa zaidi ya 10,000 waliinuka. Quamina alikuwa amewashauri waache kazi tu, wasimwage damu. Na kwa kweli waliwafungia mabwana zao ndani au kuwatia mguu katika mikatale, wakaua wachache mno. Wao wenyewe waliuawa kwa mamia. Quamina alipigwa risasi porini mwezi wa Septemba, maiti yake ikatundikwa kwa minyororo mbele ya shamba la Success, wapitao waione.

John Smith hakuinuka na mtu. Hata hivyo alikamatwa, akapelekwa mbele ya baraza la askari, si la mahakimu, akashitakiwa kwamba alijua mapema asitoe habari, na kwamba mafundisho yake yaliwatia watumwa uchungu. Mwezi wa Novemba alihukumiwa kunyongwa, lakini baraza lilimwombea huruma kwa mfalme. Wakati ule hapakuwa na simu. Barua ilikwenda kwa merikebu ya matanga, na jibu likarudi vivyo hivyo. Smith alikuwa na ugonjwa wa kifua, na chumba cha gereza kilikuwa cha unyevu. Alikufa tarehe 6 Februari 1824. Jibu la mfalme, kwamba asinyongwe bali aondolewe katika nchi, lilifika yeye akiwa kaburini. Walimzika usiku, kabla ya mapambazuko, mahali pasipotiwa alama, ili watumwa wasikusanyike. Na mkewe alikatazwa kulifuata jeneza.

Habari zilipofika Uingereza, watu wengi wakatia saini maombi, na mwezi wa Juni 1824 mambo yake yakajadiliwa Bungeni. Henry Brougham alitaka Bunge liihukumu kesi ile kuwa ya dhuluma. Alishindwa kwa kura 146 dhidi ya 193. Lakini wale ambao hawakuwa wamejali utumwa wa Waafrika walishtuka kusikia kwamba Mwingereza mwenzao, mhubiri, amefia gerezani kwa ajili yake. Naona ni haya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: mamia ya waliouawa Demerara hawakuwasumbua usingizi kama yule mmoja. Mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Hata hivyo watumwa wengi walifungwa bado kwa mabwana zao kama wanagenzi, hata mwaka 1838.

Waingereza walimwita "Shahidi wa Demerara", wapate kumtenga na kina John Smith wengine wote. Katika mji wa Georgetown lilijengwa kanisa la ukumbusho wake mwaka 1843, nalo huitwa kwa jina la Smith peke yake, bila John. Wenyeji hawana haja ya kuuliza ni Smith yupi. Tena Guyana ilipokwisha kujipatia uhuru mwaka 1966, wananchi waliyaangalia upya majina ya mitaa ya mji huo. Mtaa mmoja ulikuwa umeitwa kwa heshima ya Gavana Murray. Siku hizi unaitwa Mtaa wa Quamina.