Tovuti Yetu Imekuwa Ndogo, Wateja Wanaifungua

Tangu kikundi chetu cha kushona kibadilishe tovuti yake, wengi mmetuuliza: kwa nini kupunguza kitu kilichokuwa kizuri? Tunajibu leo.

Ile ya kwanza ilikuwa na kurasa 12, picha zinazojipindua zenyewe, na sehemu ya kununulia inayoomba karata ya benki. Hapa Lubumbashi, mama anayetafuta uniforme ya mtoto mara nyingi hana karata hiyo. Ana M-Pesa, Airtel Money au Orange Money katika telefone yake. Sehemu ile haikutuletea hata oda moja. Oda zote zilikuja kwa kupigiwa na kwa WhatsApp.

Lililotuumiza zaidi ni bei. Kitambaa tunanunua kwa dola, mteja analipa kwa foranka, na kiwango hakitulii. Kila badiliko lilipaswa kupitia kwa kijana aliyeijenga tovuti, naye alikwisha kuhamia Kinshasa. Mwezi wa nane, wakati wazazi wanajitayarisha kwa masomo ya Septemba, mama mmoja alifika kutoka Likasi na bei ya zamani katika telefone yake. Alikuwa na haki. Tulimshonea kwa bei hiyo, mashati meupe matatu na sketi tatu za buluu, tukabaki bila faida.

Kukubaliana hakukuwa kwepesi. Mama mmoja alisema tovuti kubwa inaleta heshima. Mweka hazina hakubishana naye. Alichukua telefone ndogo ya binti yake, akaandika jina letu, tukangoja. Mega zikaisha kabla ya picha ya kwanza kuonekana.

Picha ndizo zilizokuwa mzigo. Moja iliyopigwa kwa telefone ya siku hizi inaweza kuwa na mega 3 au 4. Ukiweka 30 bila kuzipunguza, unakaribia mega 100, na anayezilipia ni mteja. Ukiipunguza picha hadi sehemu ya kumi ya uzito wake, kwenye kioo cha telefone jicho halioni tofauti.

Sasa tuna ukurasa mmoja: picha 8, bei, vipimo vya watoto, siku za kutuma mizigo kwa basi la Likasi na la Kolwezi, na kitufe kinachofungua WhatsApp. Nguo nyingine ziko katika katalogi ya WhatsApp Business, programu isiyolipiwa. Inapokea bidhaa hadi 500. Sisi hatujafika 40. Bei anaibadilisha mama mwenye zamu, hata umeme ukiwa umekatika, mradi telefone ina chaji.

Vikundi vinavyotaka kufanya hivyo, angalieni kwanza jina la tovuti limeandikishwa kwa nani. Jina na mahali tovuti inapowekwa ni vitu viwili, kama hati ya kiwanja na nyumba. Unaweza kuvunja nyumba ukajenga nyingine ndogo, ikiwa hati iko mkononi mwako. Hati yetu ilikuwa kwa kijana yule. Tulizungumza naye kwa upole, kama mtoto wetu, akakubali kutuhamishia. Ilichukua majuma mawili. Angekataa, bango letu na vibandiko vyote vya nguo vingekuwa vya kutupa.

Tena, msifunge ya zamani kabla ya kunakili picha na maneno yote. Anwani za kurasa za zamani zielekezwe kwenye ukurasa mpya, maana kuna watu waliokwisha kuzituma kwa wenzao.

Wengine wanauliza kwa nini tusibaki na WhatsApp peke yake. Akaunti ikifungwa au telefone ikiibiwa, mteja atutafute wapi? Ndiyo sababu tunaendelea kulipia jina kila mwaka. Maneno ya siri yameandikwa katika daftari la mweka hazina, na nakala iko kwa mwenyekiti, ndani ya bahasha iliyofungwa.