Je, Wajua? Petroli si ya kuoshea injini

Kwenye gereji nyingi za mitaani, Tanga ikiwemo, injini iliyoganda grisi husuguliwa kwa brashi na kopo la petroli. Inang'arisha haraka, kweli. Lakini mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa: haupandi ukapotea, bali hutuama ndani ya shimo la kukagulia magari, palepale fundi anaposhuka na taa ya waya. Na petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu.

Dawa ya grisi inayochanganywa na maji ni afadhali mno. Zima injini, iache ipoe. Funika altaneta na mdomo wa kuingizia hewa kwa nailoni. Paka, subiri dakika chache, usiiache ikauke. Sugua, kisha suuza. Glavu na miwani ni lazima, maana dawa nyingine ni kali kwa macho.

Maji machafu yakinge kwa beseni, na oili iliyomwagika ifyonze kwa vumbi la mbao. Mvua ikinyesha, uchafu wa mtaroni huelekea baharini, na bahari ya Tanga ina hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2009 kumlinda silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka zama za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938.