KANSERE INAKULA NINI?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto wa nyumbani, mara hii ukurasa wetu hauzungumzi juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Unazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi hawapendi hata kuutaja jina: kansere.

Katika Bel-Air, kama vile katika Katuba na Ruashi, kuna neno linalotembea. Watu wanasema: kansere inakula sukari, basi mugonjwa aache sukari, aache na bukari, na kansere itakufa kwa njaa. Neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake, na ukweli kidogo ndio unaodanganya watu upesi. Tuliangalie vizuri.

Mutu wa fonderi anajua kazi ya hewa. Ukiupa moto hewa ya kutosha, koke inawaka yote na joto linakuwa kali. Ukiifunga hewa, koke ile ile inatoa gazi ya kuua, joto linapungua na mali inapotea. Chembe za mwili wetu nazo zinachoma sukari kwa oksijeni tunayovuta puani. Lakini mutu akipiga mwiko kwa haraka mpaka pumzi inamushinda, nyama za mikono yake zinaanza kuchachusha sukari pasipo hewa, kama munkoyo unavyochachuka ndani ya chungu. Kwa njia hiyo sukari inatoa nguvu kidogo sana: ikichomwa kwa hewa inatoa mara 15 hivi zaidi.

Katika miaka ya 1920, mwenye elimu mumoja wa Ujerumani, Otto Warburg, alipima vipande vya uvimbe wa kansere kule Berlin. Akakuta jambo la kushangaza: chembe za kansere zinachachusha sukari nyingi hata pale hewa ipo tele. Mwaka 1931 alipewa Zawadi ya Nobel kwa kazi yake juu ya namna chembe zinavyopumua. Yeye aliamini kwamba mashini ya kupumua ya chembe ya kansere imevunjika. Waliomufuata waliona kwamba, katika kansere nyingi, mashini hiyo inatembea vizuri. Basi kwa nini chembe inapoteza mali hivyo? Kwa sababu inajenga. Mwenye kujenga nyumba hatafuti kuni tu, anatafuta matofali, na chembe inayogawanyika mbio inageuza sehemu ya ile sukari kuwa matofali ya chembe mupya.

Wanganga wanatumia tamaa hiyo ya sukari. Wanamupa mugonjwa sukari iliyotiwa alama ya mionzi, kisha mashini inapiga picha na kuonyesha mahali ilipokusanyika.

Sasa turudie lile neno la mutaani. Mugonjwa akiacha bukari, damu yake haikosi sukari. Ini lake linatengeneza sukari lenyewe, na likikosa chakula linaitengeneza kutoka nyama za mwili. Kwa hiyo anayekonda ni mugonjwa. Kansere inaendelea kula, na siku ya dawa mugonjwa hana tena nguvu ya kuivumilia. Tunasema wazi: mugonjwa wa kansere ale, na ale vizuri. Mwenye ugonjwa wa sukari afuate shauri la munganga wake.

Lakini kuna chakula kingine ambacho wanganga wamefaulu kweli kuikatia kansere. Ni vitamini ya majani, asidi foliki, iliyo katika lengalenga na majani mengine ya mboga. Pasipo hiyo chembe haiwezi kugawanyika. Munganga Sidney Farber wa Boston, Marekani, aliona kwamba watoto wenye kansere ya damu wakipewa vitamini hiyo, ugonjwa unazidi. Akafikiri kinyume: tuwape kitu kinachofanana nayo lakini kisichofanya kazi, kama ufunguo wa uongo unaoziba kufuli. Mwaka 1948 alitoa habari ya watoto 16, na 10 kati yao walipata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, lakini mbele ya hapo hapakuwa na dawa yoyote ya namna hiyo. Ndugu ya dawa hiyo inaitwa metotreksati, na mpaka leo iko kazini.

Habari hiyo ilifika kwetu Afrika upesi kuliko watu wanavyozani. Mwaka 1957, katika lopitali ya Mulago, Kampala, munganga wa kupasua Denis Burkitt aliona mutoto aliyevimba taya pande zote. Kisha akaona wengine. Mwaka 1958 akaandika juu yao. Mwaka 1961, pamoja na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu zaidi ya kilometre 16,000, lopitali kwa lopitali, akiuliza: ugonjwa huu munauona hapa? Akagundua kwamba uko wengi katika nchi za joto na mvua, pale malaria ina nguvu, na ni haba katika nchi za juu zenye baridi. Kisu hakikuwasaidia watoto hao. Basi Burkitt, na wanganga wa Nairobi vilevile, wakajaribu metotreksati na dawa nyingine, na mataya yaliyovimba yakashuka kwa siku chache tu. Mwaka 1967 nyumba ya kutunzia ugonjwa huo ilifunguliwa Mulago, chini ya munganga Mumarekani John Ziegler. Alipoondoka mwaka 1972, Muganda Charles Olweny aliongoza kazi. Leo inaitwa Uganda Cancer Institute.

Kwa nini dawa ilishika hivyo? Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Chembe inayokimbia hivyo haina akiba: ukiifungia chakula leo, kesho inakufa. Kuna hatari pia, nayo mutu wa chini ya ardhi ataielewa. Chembe nyingi zikifa pamoja, takataka zake zinaingia katika damu na kuziba figo, kama matope yanavyoziba pompe za mugodi. Ndiyo sababu mutoto anapewa maji mengi kwa sindano mbele ya dawa na nyuma yake. Dawa hiyo haitolewi nyumbani.

Si kila jaribio linafaulu. Metformini, kidonge cha ugonjwa wa sukari, ilitumainiwa sana. Ikajaribiwa kwa wanawake zaidi ya 3,600 wenye kansere ya maziwa, na mwaka 2022 majibu yakatoka: kwa wale wasio na ugonjwa wa sukari haikuongeza kitu. Basi musinunue kidonge hicho sokoni kwa ajili ya kansere. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 na 2018 Marekani iliruhusu dawa mbili zinazozuia mashini iliyoharibika ndani ya chembe za namna moja ya kansere ya damu. Kazi inaendelea.

Jambo moja la kando, kwa wenye kupenda habari za migodi. Kuanzia mwaka 1922, radiumu iliyotoka katika mawe ya Shinkolobwe ilisafishwa kule Olen, Ubeleji, na radiumu ilikuwa dawa ya kuchoma kansere. Wazee waliochimba pale hawakuelezwa sana hatari ya mawe hayo.

Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200, lakini jamaa zetu wengi wako chini, kandokando ya Lualaba na Tanganyika, na watoto wanaenda na kurudi. Baba na mama, mutoto akivimba taya, meno yakilegea pasipo kuoza, jicho likisukumwa nje, ao tumbo likivimba upesi, musikae kungoja wiki mbili kwa dawa ya meno ao kutafuta aliyemuroga. Mumupeleke Sendwe ao kwenye Kliniki za Chuo Kikuu siku ile ile. Mutoto akianza metotreksati, mumuonyeshe munganga kila vitamini munayotaka kumupa, kwa sababu asidi foliki inaweza kuharibu kazi ya dawa. Lakini mama mwenye mimba asiache vidonge vyake vya asidi foliki: kwake na kwa mutoto aliye tumboni, vidonge hivyo ni vya lazima.