Je, Wajua? Gereji ya vioo juu ya korongo

Je, wajua kwamba chumba cha vioo ambamo Ferrari nyekundu inapasua dirisha na kutumbukia korongoni, katika filamu ya Ferris Bueller's Day Off (1986), si seti ya studio? Ni nyongeza ya nyumba ya mtu.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1953 katikati ya miti, Highland Park, kaskazini mwa Chicago, Marekani. Mwenyewe alikuwa Ben Rose, mbunifu wa vitambaa. Aliyeichora ni A. James Speyer, mwanafunzi wa msanifu Mies van der Rohe.

Rose alipenda magari kupita kiasi. Mwaka 1974 akajengewa banda la kuyaweka, kazi ya msanifu David Haid. Halikubandikwa ubavuni mwa nyumba, kama wengi wetu tunavyoongeza chumba. Limesimama peke yake juu ya nguzo, ukingoni mwa korongo. Chuma chembamba, vioo vipana. Ukiwa ndani, unatazamana na matawi, si mashina.

Na ile Ferrari iliyoanguka? Haikuwa Ferrari. Ilikuwa ya kuiga, bodi yake ya faibaglasi.