Ruhusa Ipo, Lakini Je, Twende?

Tunaishi Sagana, mji mdogo wa Kaunti ya Kirinyaga, ulio kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Karatina, Nyeri na Nanyuki. Wengi wenu mmepita hapa kwetu. Huenda mmesimama kununua ndizi au matunda, kisha mkaendelea na safari.

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni matembezi. Wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, serikali inapokuwa imelegeza masharti lakini ugonjwa wenyewe haujaondoka, je, yafaa jamaa ifunge mizigo na kwenda kupumzika mjini siku mbili tatu? Swali hilo liliingia nyumbani kwetu mwaka 2020, likakaa mezani kama mgeni asiyetaka kuondoka. Ugonjwa wa korona umetulia sasa, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hauhesabiwi tena kuwa dharura ya ulimwengu. Lakini magonjwa ya namna hii hayajaisha duniani, na ni afadhali kujifunza kuamua wakati wa utulivu kuliko siku ya mshtuko.

Habari yetu ilikuwa hivi. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo ili tuwapeleke watoto Nairobi kwa siku 3. Tuliwaahidi kuona Jumba la Makumbusho, kuwaona wanyama, na kulala hotelini, jambo ambalo hata sisi wazazi tulikuwa tumelifanya mara chache sana. Tulikusudia kwenda likizo ya Aprili 2020.

Mnakumbuka yaliyotokea. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Shule zikafungwa. Kuanzia tarehe 27 Machi ikawa marufuku kuwa nje tangu saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Kisha Jumatatu, tarehe 6 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba kuanzia saa 1 jioni siku ile ile hakuna atakayeingia wala kutoka katika eneo la Nairobi, kwa barabara, kwa reli wala kwa ndege. Kwa upande wetu mpaka uliwekwa kwenye daraja la mto Chania, pale Thika. Magari ya chakula na mizigo yaliendelea kupita, lakini abiria walizuiliwa. Basi safari yetu ikafa bila sisi kuulizwa, na kwa kweli hatukuwa na neno la kuamua. Mlango ukifungwa, kazi ya raia ni kutii na kungoja.

Amri ile ilitajwa kwanza kuwa ya siku 21. Siku 21 zikapita, ikaongezwa, ikaongezwa tena, hata ikafika tarehe 7 Julai ndipo njia ikafunguliwa. Hapo ndipo swali letu lilipoanza. Watoto walisikia habari redioni wakaja mbio: "Baba, Mama, njia imefunguliwa! Twende lini?" Wao waliona kwamba jambo limekwisha. Hata sisi, tusiwafiche, mioyo yetu iliruka. Miezi 4 tulikuwa tumekaa na watoto wasio na shule, kazi imepungua, habari za kila jioni ni hesabu ya wagonjwa. Tulichoka.

Sasa, kuna watu wawili wanaokosea hapa. Wa kwanza asema, "Kupumzika ni anasa, na Mkristo hapaswi kuwaza matembezi wakati watu wanaugua." Huyo amesahau kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliwaona wanafunzi wake wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, akawaita waende faraghani wapumzike kidogo (Mk. 6:31). Kutamani pumziko si dhambi. Wa pili asema, "Serikali imeruhusu, basi nani atanizuia?" Huyo naye amesahau yale Mtume Paulo aliyowafundisha Wakorintho, kwamba jambo laweza kuwa halali na bado lisimjenge mtu, na kwamba kila mmoja aangalie faida ya mwenzake (1 Kor. 10:23-24). Ruhusa si amri. Serikali inapofungua njia inasema tu kwamba hutakamatwa ukipita. Haijui nani analala chumba cha pili nyumbani kwako. Jambo hilo walijua ninyi wenyewe.

Basi tulikaa jioni moja mwezi wa Agosti, tukajiuliza maswali kadha. Twawapa kama yalivyokuwa, huenda yakawafaa.

Kwanza, sheria yasemaje huko twendako, na ikibadilika tukiwa huko itakuwaje? Wakati ule kafyu ilikuwa saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri. Matatu ya viti 14 ilitakiwa kubeba watu 8 tu, hivyo nauli ilipanda. Zaidi ya hayo Rais alikuwa ameonya kwamba ugonjwa ukizidi masharti yatarudi. Na kweli yalirudi. Ijumaa tarehe 26 Machi 2021, siku chache kabla ya Pasaka, kaunti 5, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, zilifungwa kwa tangazo la siku moja, zikakaa hivyo hadi tarehe 1 Mei. Twajifunza nini? Twajifunza kwamba safari ya wakati kama huo haipimwi kwa siku ulizopanga, bali kwa siku unazoweza kuzuiliwa. Aliyekwenda Nairobi kwa siku 2 mwanzoni mwa Aprili 2020 aliweza kukaa huko miezi 3, au arudi kwa njia za panya akiivunja sheria na kuwatia hofu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo tulisema: asiye na mahali pa kukaa wala fedha za kula akizuiliwa, huyo bado hana nauli kamili. Sisi hatukuwa nayo.

Pili, ugonjwa wenyewe huenda vipi? Hili ni jambo la kuelewa vizuri, maana ndilo linalowadanganya wengi. Virusi vya korona vikimwingia mtu, dalili huchukua siku 5 au 6 kwa kawaida, na huweza kufika siku 14. Naye huweza kuwaambukiza wengine kabla hajakohoa hata mara moja. Huenea zaidi ndani ya mahali palipofungwa, watu wakikaa karibu na kuzungumza. Sasa fikirini matatu yenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi ya Julai na Agosti, kutoka Sagana mpaka Nairobi, karibu kilomita 100. Barakoa husaidia, kufungua dirisha husaidia sana, lakini hakuna kimoja kinachoondoa hatari yote. Na siku 3 za matembezi hukwisha kabla mtu hajajua kama ameambukizwa. Hapo ndipo kosa hufichika: mtu huondoka mzima, hurudi akijiona mzima, na nyumbani humkumbatia kila mmoja.

Tatu, humkumbatia nani? Nyumbani kwetu tunaishi na nyanya wa watoto, mama mwenye miaka zaidi ya 70, naye ana kisukari. Ugonjwa huu uliwaumiza vijana wachache na wazee wengi, hasa wenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana makanisa yalipofunguliwa mwezi ule wa Julai, kwa watu 100 na saa 1 tu ya ibada, waliozidi miaka 58 waliombwa wabaki nyumbani, pamoja na watoto wasiofika miaka 13. Nyanya alikuwa hajaingia kanisani tangu Machi. Tulitafakari: je, yeye amekubali kuikosa meza ya Bwana kwa ajili ya afya, nasi tumletee ugonjwa kutoka hotelini?

Hapa tuwaambie jambo lililotuaibisha. Nyanya alitusikia tukizungumza, akatoka chumbani, akasema: "Msiniweke mimi kuwa sababu. Watoto wakilia watasema ni nyanya aliyewazuia. Mkiamua kukaa, amueni ninyi, mseme ni ninyi." Alisema kweli. Tulikuwa tumejiandaa kuwaambia watoto, "Hatuwezi kwenda kwa sababu ya nyanya." Tungemtwika mzigo usiokuwa wake. Wazazi, angalieni hilo. Mzee au mgonjwa wa nyumbani asifanywe kuwa hatia ya jamaa. Anayeamua ndiye abebe uamuzi wake.

Nne, je, pumziko tunalolitafuta laweza kupatikana karibu? Swali hili lilituchekesha. Watu wa Nairobi huacha mji wao na kuja Sagana kupumzika! Huja kuteremka mtoni kwa mashua za mpira, kula samaki, na kukaa chini ya miti kusikiliza maji. Sisi tunaokaa kando ya mto ule ule tulikuwa hatujawahi kuupa hata siku moja nzima.

Basi tuliamua kutokwenda. Tuliwaita watoto tukasema, "Sisi wazazi tumeamua, na ahadi haijafutwa, imesogezwa." Walilia. Mkubwa alikasirika siku 2. Sehemu ya fedha tuliifunga kando isiguswe, wapate kujua kwamba neno letu ni neno. Jumamosi iliyofuata tulichukua viazi, mahindi na chai katika chupa, tukaenda mtoni asubuhi mpaka jioni, nyanya akiwa pamoja nasi mahali penye hewa safi. Haikuwa Nairobi, na watoto hawakuacha kutuambia hivyo. Lakini tulilala vizuri usiku ule.

Lazima pia tuseme haki. Jirani yetu mmoja alikwenda mjini mwezi ule ule na watoto wake, akarudi, na hakuna aliyeugua. Je, tulikosea sisi? Au alikosea yeye? Nyumbani kwake hapakuwa na mzee, alikuwa na gari lake mwenyewe, na ndugu wa kumpokea endapo njia ingefungwa. Maswali yalikuwa yale yale, majibu yakawa mengine. Tena tukumbuke kwamba hoteli na matatu zilikuwa na wafanyakazi waliokaa miezi bila mshahara, na aliyekwenda kwa uangalifu aliwapa riziki. Kukaa nyumbani hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Wala uamuzi mwema hautambulikani kwa mwisho wake tu, maana mzembe huweza kuponea na mwangalifu huweza kuugua. Hutambulikana kwa watu uliowahesabu kabla ya kuamua.

Chanjo za kwanza zilifika nchini Machi 2021. Nyanya alichanjwa, nasi tulichanjwa zamu yetu ilipofika. Kafyu iliondolewa Oktoba mwaka ule. Desemba 2022 tulitoa ile akiba, tukaongeza kidogo, tukapanda matatu kwenda Nairobi. Tulipovuka daraja la Chania mtoto wetu mdogo aliuliza, "Ndipo hapa palipofungwa?" Tukamwambia ndipo. Nyanya alikaa dirishani akitazama maji, na dirisha alikuwa amelifungua yeye mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, ikija tena siku ya masharti, nanyi mna hamu ya kusafiri, msiulize tu kama njia iko wazi. Ulizeni mtakaa wapi ikifungwa, mtarudi na nini, na ni nani anayewangoja mlangoni. Kisha amueni, na msimhukumu aliyeamua vingine kwa moyo safi. Bwana awape hekima na pumziko.