Kukamatwa Si Kuhukumiwa

Kwa muda mrefu pamekuwapo manung'uniko miongoni mwa vijana wa mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, kuhusu kile kiitwacho cheti cha tabia njema. Mwalimu hasajiliwi na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) bila cheti hicho, na waajiri wengine wengi hukidai vilevile.

Jina lenyewe linapotosha. Cheti hiki hakijui lolote kuhusu tabia ya mtu. Mwombaji huchukuliwa alama za vidole katika fomu ya C24, kisha Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) huzilinganisha na zile zilizomo katika majalada yake. Swali linaloulizwa hasa ni iwapo vidole hivyo vimewahi kupita mikononi mwa polisi.

Hapo ndipo penye tatizo. Tuseme kijana wa Kayole au Dandora alizolewa katika msako wa usiku, akachukuliwa alama za vidole, akafikishwa katika Mahakama ya Makadara na hatimaye akaachiliwa huru kwa kukosekana ushahidi. Miaka kadhaa baadaye, akiwa na shahada ya ualimu, anakwenda kituo cha Huduma, Makadara hiyohiyo, kuomba cheti. Habari za kukamatwa kwake zilikwisha kufika makao makuu ya DCI katika Barabara ya Kiambu. Za kuachiliwa kwake huenda hazikufika kamwe. Ni yeye atakayetakiwa kuzitafuta nakala za kesi na kuzipeleka. Wapo Wakenya waliolazimika kwenda hadi Mahakama Kuu ili rekodi zao zisafishwe.

Na kulipata jalada la kesi si kazi rahisi. Tahajia sanifu ya Kikuyu huandika Wacira. Karani aliyezoea Kiingereza huandika Wachira. Mkazi wa Eastleigh aweza kuwa Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika cheti cha shule na Mohammed katika hati ya mashtaka, ilhali jina ni lilelile moja lililotoka katika hati za Kiarabu. Mwanaisimu huliona jambo hili kuwa la kawaida kabisa. Karani wa masjala huona watu watatu.

Pumwani ilianzishwa enzi ambazo mwanamume Mwafrika hakuruhusiwa kutembea bila kipande, chenye alama za vidole na habari za kazi zake. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi alihesabiwa mtoro, na hakuwa na njia ya kulisahihisha neno lililoandikwa juu yake.

Mkenya wa leo anayo njia, katika maandishi angalau. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 35 humpa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa ni vitenzi vitatu. Hakuna mwalimu wa sarufi atakayekubali vichukuliwe kuwa kimoja. Basi uamuzi wa mahakama na upelekwe DCI siku utolewapo, kwa bidii ileile inayopeleka alama za vidole, wala kijana asiachiwe kuusaka mwenyewe ilhali nafasi ya kazi inafungwa Ijumaa.